Friji ya mkataba: unanunua au unapanga?

Dereva bodaboda yeyote pale Sabasaba, Dodoma, anajua tofauti ya "hesabu" na "mkataba". Wa hesabu humpelekea bosi fedha kila jioni, na hata akipeleka miaka mitano pikipiki inabaki ya bosi. Wa mkataba naye hupeleka kila siku, kiasi kikubwa kidogo, kwa muda uliotajwa. Akimaliza anakabidhiwa kadi ya usajili wa pikipiki. Kabla ya hapo kadi inakaa kwa bosi, jina ni la bosi, na dereva akizembea siku kadhaa pikipiki inachukuliwa bila mtu kijiweni kushangaa.

Mpango huohuo umeshaingia ndani ya nyumba. Friji, TV, sofa, kitanda na godoro lake, mashine ya kufulia, jiko la gesi: vyote vinapatikana kwa kianzio kidogo na marejesho ya kila wiki au kila mwezi. Dodoma soko lake ni kubwa kuliko mtu anavyodhani. Tangu 2016, Serikali ilipoanza kuhamishia shughuli zake hapa, wapangaji wengi wa Ilazo, Kisasa na Iyumbu wamefika na mabegi mawili na nyumba tupu. Ongeza wanafunzi wa UDOM na vyuo vingine, ongeza vijana wanaoanza maisha.

Shida ni kwamba friji haina kadi. Ipo jikoni kwako, unaifuta mwenyewe, mgeni akija anaihesabu kuwa yako. Ndiyo maana pikapu ya duka inaposimama mlangoni huko Nkuhungu kuchukua sofa lililolipiwa miezi tisa, nusu ya mtaa husema mama wa watu anaporwa, nusu nyingine husema "si alikuwa anadaiwa?" Kote huko hakuna aliyeuliza swali lenyewe: asubuhi ya siku ile, sofa lilikuwa la nani?

Mambo manne yanayoitwa jina moja

Kwenye tangazo yote huitwa "lipa kidogo kidogo", lakini ndani yake kuna mambo manne tofauti.

Kuna mali kauli: unachukua mzigo kwa neno lako tu, unauza, ndipo unalipa. Hii ni ya wafanyabiashara wanaojuana. Kuna kudunduliza: unalipa kidogo kidogo huku kitu kikibaki dukani, unakichukua ukikamilisha. Hapo hudaiwi chochote. Hatari yako ni duka kufungwa na fedha zako zikiwa ndani, au bei kupanda katikati kama hamkuandikiana. Kuna mauzo kwa awamu: kitu kimeshauzwa, ni chako tangu siku unakipakia kwenye guta, na unachobaki nacho ni deni. Ukishindwa, muuzaji anadai fedha zake.

La nne ndilo lenye utata, yaani kukodi hadi kumiliki. Hapa hujauziwa. Umekodishwa kitu pamoja na ahadi kwamba ukilipa kodi zote kitakuwa chako. Kwa maneno mengine, wewe ni mpangaji wa friji. Unaitumia kwa haki zote za mpangaji, lakini huwezi kuiuza, kama ambavyo mpangaji wa chumba Chang'ombe hawezi kukiuza chumba hata akiwa hadaiwi kodi.

Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema umiliki unahama pale pande mbili zilipokusudia uhame, na ununuzi huu wa kukodi una sheria yake yenyewe, Sura ya 14. Kwa hiyo jibu la "ni la nani" halimo kwenye bango la dukani wala kwenye maneno matamu ya wakala. Limo kwenye karatasi, na mara nyingi ni sentensi moja inayosema hivi: "Bidhaa itaendelea kuwa mali ya mkodishaji hadi malipo yote yatakapokamilika." Ukiiona hiyo, au ukikuta wewe unaitwa "mkodi" badala ya "mnunuzi", umeshajua uko wapi. Kama hakuna karatasi, kuna daftari tu na namba ya simu ya wakala, basi siku ya ugomvi kila mmoja atakuja na toleo lake.

Hesabu ambayo haiandikwi kwenye bango

Bango huandika kianzio na rejesho. Haliandiki jumla. Tuchukue mfano wa friji ambayo dukani, fedha mkononi, ni Sh600,000. Kwa mkataba unatoa kianzio Sh120,000, kisha Sh65,000 kila mwezi kwa miezi 12. Marejesho yanafika Sh780,000, na ukijumlisha kianzio friji imekugharimu Sh900,000. Nyongeza ni Sh300,000.

Muulize muuzaji riba ni ngapi. Mmoja atakwambia hakuna riba, hii ni kodi ya kifaa. Mwingine atachukua Sh300,000, aigawe kwa bei ya Sh600,000, apate asilimia 50 kwa mwaka, na kukwambia kwa sauti ya upole kwamba ni kama asilimia 4 tu kwa mwezi. Hesabu hiyo ina kasoro mbili. Ya kwanza, hukukopeshwa Sh600,000. Sh120,000 ulitoa mwenyewe siku ya kwanza. Ulichokopeshwa ni Sh480,000, na ukigawa kwa hiyo unapata zaidi kidogo ya asilimia 5 kwa mwezi.

Kasoro ya pili ndiyo kubwa. Fikiria umekodi viti 120 vya sherehe kwa siku 12, na kila jioni unarudisha viti kumi. Mwenye viti akikutoza viti 120 kila siku mpaka siku ya mwisho, ambayo unavyo kumi tu, utagomba. Kwenye friji ndivyo inavyokuwa: kila mwezi unarudisha sehemu ya deni, lakini gharama inapigwa kana kwamba deni lote bado liko kwako. Ukipiga hesabu kwa salio linalopungua, jinsi benki inavyotakiwa kukuonyesha, gharama halisi ya mkataba huu ni takriban asilimia 8.4 kwa mwezi. Katika rejesho la kwanza la Sh65,000, zaidi ya Sh40,000 ni gharama, na iliyopunguza deni haifiki Sh25,000.

Kulinganisha kunasaidia. Tuseme uko kwenye Saccos ya kazini inayotoza asilimia 1.5 kwa mwezi kwa salio linalopungua. Ukikopa Sh480,000 hizohizo kwa miezi 12, rejesho ni kama Sh44,000 na friji inakusimamia kwenye takriban Sh648,000 badala ya Sh900,000. Ni friji ileile na mwaka uleule. Mtumishi wa umma anayesaini mkataba wa duka wakati Saccos iko ghorofa ya chini ya ofisi yake anajitafutia umaskini kwa hiari, ingawa namwelewa kama makato yameshagonga ukuta na theluthi moja ya mshahara haiguswi tena.

Halafu kuna mchezo wa wiki. Wakala anasema, "Mama, kama 65,000 ni nzito, gawa kwa nne, leta 16,250 kila wiki." Inasikika ni kitu kilekile. Lakini mwaka una wiki 52, si 48. Mara 52, Sh16,250 inakuwa Sh845,000, yaani umeongeza rejesho zima la mwezi bila kujua. Kabla ya kukubali wiki, uliza idadi ya wiki na uzidishe palepale kwa kikokotoo cha simu.

Na kusubiri je? Mwenye Sh120,000 mkononi na uwezo wa kuweka Sh65,000 kila mwezi anafikisha Sh600,000 mwezi wa nane, iwe kwa kibubu, kikoba au kwa kudunduliza dukani. Mwenye mkataba mwezi huo bado ana marejesho manne mbele yake. Ila kusubiri nako kuna gharama, na hapa siwaungi mkono wanaosema mkataba ni ujinga siku zote. Mama anayeuza barafu za ubuyu na maji ya baridi karibu na shule, kwa jua hili la Dodoma, akibakiwa na Sh2,000 kwa siku baada ya umeme na malighafi, kwa siku 26 za kazi anapata Sh52,000 kwa mwezi. Friji inakuwa inajilipia sehemu kubwa yenyewe, na miezi minane ya kusubiri ingekuwa miezi minane bila biashara. TV ya inchi 55 haina hesabu ya namna hiyo.

Kwa nini bei iwe kubwa hivyo? Si tamaa peke yake. Muuzaji anakopesha mtu asiye na dhamana, anamlipa wakala wa kuzunguka na pikipiki kukusanya, na anajua baadhi ya wateja watahama bila kuaga. Anayelipa vizuri analipia na wale waliokimbia. Lakini ujue pia upande wa pili: mteja akishindwa baada ya marejesho matano, duka limeshapokea Sh445,000 na friji inarudi, inafutwa vumbi, inakodishwa kwa mwingine. Kwa hiyo kuuliza "hii ni mpya au imerudi?" ni haki yako, na jibu liandikwe kwenye mkataba.

Ikifa mwezi wa tatu

Kama mimi ni mpangaji, bomba likipasuka si mwenye nyumba anatengeneza? Ndivyo mantiki inavyotaka, na katika ijara ya Kiislamu, ambayo wengi wa Kondoa na Singida wameisikia msikitini, hatari za umiliki na matengenezo makubwa hubaki kwa mwenye mali, kwa kuwa ndiye anayekula kodi. Mikataba mingi ya dukani inafanya kinyume: umiliki ni wao, matengenezo ni yako, na marejesho hayasimami hata friji ikigeuka kabati la nguo. Hakikisha mkataba unasema nani anatengeneza, kwa muda gani, na kama marejesho yanasimama kifaa kikiwa kwa fundi wao.

Waranti nayo ina mitego yake. Inaanza siku ya kukabidhiwa, si siku ya kumaliza kulipa, hivyo waranti ya mwaka na mkataba wa miezi 18 vinakuacha miezi sita ukilipia kitu kisicho na kinga. Inakataliwa pia kwa sababu mbili zinazojirudia. Moja ni umeme: unakatika, unarudi na nguvu isiyo sawa, kompresa inaungua, na fundi wa duka anauliza friji gadi, kile kifaa cha kuikinga friji na umeme usio sawa, iko wapi. Nunua gadi siku hiyohiyo na utunze risiti. Nyingine ni usafiri. Friji ikilazwa kwenye guta, mafuta ya kompresa huhama na kuingia kwenye mirija ya gesi; ukiiwasha ukifika tu, kompresa inafanya kazi bila mafuta ya kutosha. Isafirishwe imesimama. Kama ililazwa, isimamishe na usiiwashe kwa saa kadhaa. Ikiwa ililala safari ndefu, tuseme kutoka Dodoma mpaka Manyoni, iache hadi kesho yake.

Wizi ni habari fupi. Kitu kikiibiwa au kikiungua, deni halifi nacho isipokuwa mkataba una bima. Wengi hufikiri "si kilikuwa chao, basi hasara ni yao". Karatasi nyingi zinakufanya wewe uwajibike kwa kitu kilichokuwa chini ya uangalizi wako. Kama kuna makato ya "bima" kwenye marejesho, omba kuona jina la kampuni ya bima na kinacholipwa.

Kuuza kitu ambacho bado unakilipia

Mikataba hii ina historia, na kesi mbili za Uingereza zinaeleza zaidi kuliko mihadhara. Mwaka 1893 mwanamke mmoja alikuwa amechukua fanicha kwa maandishi yaliyoitwa ya kukodi, lakini yaliyomlazimisha kulipa mpaka mwisho. Kabla ya kumaliza akaiuza fanicha. Mahakama ikaona kwamba mtu aliyefungwa kulipa bei yote ameshakubali kununua, na aliyenunua kwake kwa nia njema akabaki na fanicha. Mwaka 1895 ikaja kesi ya piano: mteja aliikodi kwa shilingi 10 na peni 6 kwa mwezi, miezi 36, na alikuwa huru kuirudisha wakati wowote. Akaiweka rehani. Safari hii ngazi ya juu kabisa ya rufaa ilisema mteja hakuwa amekubali kununua, alikuwa na hiari tu. Kwa hiyo aliyeishika rehani alitakiwa kuirudisha kwa mwenyewe. Tangu hapo wauzaji wakajifunza kuandika mikataba kwa mtindo wa ile piano, na nchi zilizorithi sheria ya Kiingereza, Tanzania ikiwemo, zikarithi na mtindo huo.

Kwa lugha ya mtaani: mtumishi aliyepata uhamisho akikuuzia sofa na friji kwa bei ya kutupa, ukaja kugundua ni za mkataba, duka linaweza kuja kuzidai kwako na fedha zako ukamfuate Mtwara. Naye anaweza kujikuta kwenye jinai, si madai tu. Omba risiti ya EFD yenye bei kamili au barua ya kumaliza malipo. Risiti ya kianzio si ushahidi wa umiliki. Hata kuhamisha kitu kutoka nyumba moja hadi nyingine bila kuwataarifu huwa ni kuvunja mkataba, na wengi hunaswa hapo bila nia mbaya yoyote.

Ukikwama

Imani iliyoenea ni kwamba ukishalipa zaidi ya nusu kitu kimekuwa chako. Umiliki wa mkataba wa kukodi hauhami kwa asilimia. Unahama kwa sharti lililoandikwa, kwa kawaida rejesho la mwisho. Imani nyingine ni kwamba ukirudisha kitu deni limeisha. Kuna mikataba inayoruhusu hivyo, kama ile ya piano, na kuna inayosema utarudisha kitu na bado utadaiwa malimbikizo, faini na nauli ya pikapu. Tafuta neno "kurudisha" kabla ya kusaini.

Ukiona mwezi huu hauwezi, nenda kabla ya tarehe, si baada. Omba kusogezewa na upewe kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Faini ya kila siku ndiyo inayogeuza mkataba wa kawaida kuwa kausha damu: Sh2,000 kwa siku kwa mwezi mmoja ni Sh60,000, karibu rejesho zima, na malipo yako yanayofuata mara nyingi hukatwa faini kwanza.

Wakija kuchukua, kudai mali yao ni haki yao ikiwa mkataba na sheria vinaruhusu. Kuvunja mlango, kuingia huna habari, au kubeba na redio ya mtu mwingine si haki ya mkataba wowote. Mwite mwenyekiti wa mtaa, mwandikiane nini kimechukuliwa, kikiwa katika hali gani, na kiasi ulichokwisha lipa. Karatasi hiyo ndiyo utakayoishika ukienda Mahakama ya Mwanzo. Kusambaza picha yako kwenye magrupu ya WhatsApp kwamba wewe ni tapeli ni jambo jingine tena, na kwa hilo kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Kwa simu, TV na vifaa vya sola hakuna pikapu: kinajifunga chenyewe siku ikipita bila malipo. Mafundi wanaodai "wanaifungua" kwa Sh20,000 huifungua mpaka inapoingia tena mtandaoni.

Kumaliza mapema, na kumaliza vizuri

Zabibu zimeuzwa vizuri, au malimbikizo ya mshahara yameingia, unataka kufunga deni mwezi wa sita. Umeshalipa kianzio na marejesho sita, jumla Sh510,000. Wakala anasema zimebaki Sh390,000, marejesho sita mara 65,000. Lakini kwa salio linalopungua deni lako halisi ni kama Sh297,000. Sh93,000 zinazobaki ni gharama ya miezi ambayo hutakaa na fedha yao. Ukilipa zote, umelipia muda usioutumia. Punguzo la kumaliza mapema linajadiliwa siku ya kusaini, kwa sababu siku hiyo wewe ndiye unayebembelezwa.

Malipo yote yapite kwenye lipa namba ya duka, si namba binafsi ya wakala. Mawakala huacha kazi, na daftari huondoka nao. Kila baada ya miezi mitatu omba salio kwa maandishi na ulilinganishe na ujumbe wa miamala yako, kisha uupige picha ya skrini, maana simu nayo hufa.

Siku ya mwisho usiridhike na "hongera mama, umemaliza". Omba barua ya kumaliza malipo yenye jina lako, aina ya kifaa na namba yake iliyoko kwenye kibandiko cha nyuma, na uhakikishe ni namba ileile iliyoandikwa kwenye mkataba. Omba wadhamini wako waandikiwe kwamba wameachiliwa, na kama uliacha kitu chochote halisi, kadi au cheti, kirudi siku hiyohiyo. Wakikutajia "ada ya kuhamisha umiliki", fungua mkataba: kama haimo, hulipi, kama imo, ulipaswa kuijumlisha kwenye zile Sh900,000 tangu siku ya kwanza.